Nyasi Kando ya Ukuta wa Nyumba: Kutambua Dalili na Kufikia Chanzo

Ukanda wa ardhi unaopakana na ukuta wa nyumba, wenye upana wa kati ya nusu mita na mita moja hivi, una mazingira yake yenyewe hata kama kwa macho unaonekana kuwa sehemu ya uwanja uleule. Upenu huukinga na mvua za kawaida, lakini mvua kubwa inapokuja maji ya paa huangukia hapohapo kwa nguvu. Ukuta huuongezea joto saa za jua na kuutia kivuli saa nyingine, na chini yake kuna udongo wa kujazia msingi uliochanganyika na mabaki ya saruji, chokaa na vipande vya tofali. Ndiyo maana nyasi zilizopandwa siku moja na kumwagiliwa kwa mpira uleule hustawi katikati ya uwanja huku zikinyong'onyea ukutani. Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi, kwa kuwa nyasi zikipandwa vibaya ukutani, ukuta nao huharibika. Mizizi ya nyasi haina nguvu ya kubomoa msingi. Kinachodhuru ni udongo ulioinuliwa na maji yanayomwagwa kwa ajili ya nyasi hizo. Kwa hiyo dalili za nyasi na dalili za ukuta zinachunguzwa hapa pamoja.

Anza na kimo cha udongo

Kabla ya kushughulikia dalili yoyote, pima kimo cha udongo kando ya ukuta, kwa sababu kasoro hii ndiyo inayoweza kuendelea kwa miaka bila mtu kuitilia maanani. Katika nyumba nyingi za matofali, fundi hulaza juu ya msingi tabaka la kuzuia unyevu, yaani karatasi nzito ya plastiki au ya lami, kabla ya kupanga kozi ya kwanza ya ukuta. Tabaka hilo huyazuia maji ya ardhini yasipande ndani ya tofali. Uso wa udongo wa nje, pamoja na nyasi zenyewe, unapaswa kuwa chini ya tabaka hilo kwa sentimita 15 au zaidi. Ikiwa lipu imelifunika na huwezi kuliona, tumia kimo cha sakafu ya ndani mlangoni kuwa kipimo chako, kwa kuwa kwa kawaida tabaka hilo huwa kwenye kimo hicho au chini yake kidogo.

Wengi huanza na nafasi ya kutosha, kisha huipoteza kidogo kidogo bila kukusudia. Kwanza humwagwa udongo wa rutuba wa sentimita 10. Juu yake hulazwa mapande ya nyasi yenye udongo wake wa sentimita 2 au 3. Mwaka baada ya mwaka huongezwa mboji na mchanga wa kusawazishia. Na majani yaliyokatwa, yakichanganyika na mizizi mikuukuu, hujijenga kuwa tabaka jingine. Tabaka la kuzuia unyevu linapofunikwa na udongo, maji huliruka na kuingia ukutani moja kwa moja kutoka ubavuni. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kurutubisha ardhi ya ukutani hana budi kuutoa udongo mbovu na kuweka mwingine mahali pake kwa kimo kilekile. Kuongeza udongo juu ya ule wa zamani si njia ya kufuata hata kidogo.

Pima pia mteremko. Ardhi inapaswa kushuka kwa takriban sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Piga kigingi umbali huo, funga uzi kutoka ukutani hadi kwenye kigingi, uweke sawa kwa pima maji, kisha pima urefu kutoka kwenye uzi hadi ardhini katika kila ncha. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mteremko ulio nao. Nyumba mpya zina tatizo lake hapa, kwa kuwa udongo uliojazwa kuzunguka msingi huendelea kushuka kwa msimu mmoja au miwili ya mvua na kuacha mfereji mwembamba ukutani, hata kama siku ya kukabidhiwa nyumba kila kitu kilikuwa sawa. Yeyote anayehamia nyumba mpya ningemshauri asubiri angalau msimu mmoja wa mvua kubwa kabla ya kupanda chochote karibu na ukuta.

Udongo ukizidi, uondoe kwa sepetu kuanzia ukutani kwenda nje, ili mteremko usipotee. Usichimbe hadi kukaribia kitako cha msingi. Msingi ukiwa na kina kifupi, kazi hiyo ni ya fundi wa ujenzi. Vilevile, ikiwa ardhi inayozunguka msingi iliwahi kutiwa dawa ya mchwa, fahamu kwamba kuuchimba udongo huo ni kuuvunja ukingo wa dawa, na itabidi dawa itiwe upya na mtu anayeijua kazi hiyo.

Dalili: nyasi zinakauka au zinakataa kuota kwenye ukanda wa ukutani pekee

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na tatizo lake ni kwamba sababu tano tofauti huleta sura ileile. Mwenye nyumba huongeza maji, hali haibadiliki, anaongeza tena, na wakati huo ukuta unaendelea kunywa. Ni heri kutumia siku chache kuzitenganisha sababu hizo kabla ya kufungua bomba.

Chunguza kwanza mvua. Weka makopo mawili yenye mdomo wa upana sawa, moja sentimita 30 kutoka ukutani na jingine mita 2 kutoka ukutani, kisha uache mvua ya kawaida inyeshe. Kopo la ukutani likibaki karibu tupu, ujue upenu unainyima ardhi hiyo maji. Fanya jaribio hilohilo wakati wa kumwagilia kwa kinyunyizio, kwa sababu mara nyingi kinyunyizio huufikia ukuta lakini hakiufikishii maji ya kutosha ule ukanda ulio miguuni pake. Tiba ni kumwagilia ukanda huo peke yake, taratibu, kwa mpira ulioshikwa chini au kwa bomba la matone lililolazwa sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani. Usielekeze kinyunyizio ukutani kwa hali yoyote. Nyasi nyingi za uwanjani huhitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki wakati wa ukuaji, na ni bora zipate maji hayo kwa mara moja au mbili yakazama, kuliko kurushiwa kidogo kidogo kila siku.

Baada ya hapo pima ugumu wa ardhi. Chomeka bisibisi ndefu au kipande cha nondo nyembamba kwenye udongo wenye unyevu, ukutani na kisha katikati ya uwanja. Kikipenya katikati kwa urahisi lakini ukutani kikagota baada ya sentimita chache, kuna mawili: ama udongo umeshindiliwa na miguu ya mafundi na ngazi zao, ama umefukia kifusi. Sauti na hisia za mkono hutofautisha, kwa kuwa udongo ulioshindiliwa huzuia chuma kwa ugumu unaolingana kila mahali, ilhali kifusi hukigotesha hapa na kukiachia pale. Udongo ulioshindiliwa hutobolewa kwa uma wa bustani hadi kina cha sentimita 10 au zaidi, kisha mashimo hujazwa mboji iliyochanganywa na mchanga. Kifusi hakina tiba ya juu juu. Lazima kichimbwe na kuondolewa hadi kina cha sentimita 15 au 20, na mahali pake pawekwe udongo safi kwa kimo kilekile.

Kuhusu kivuli, usitegemee hisia, hesabu saa. Chagua siku isiyo na mawingu, tazama ukanda huo kila saa, uandike ni saa ngapi unapigwa na jua moja kwa moja. Ukoka wa kawaida (Cynodon dactylon) hupungua na kuwa mwembamba usipopata saa 6 hivi za jua kwa siku. Nyasi zenye majani mapana, kama Stenotaphrum secundatum, huvumilia zaidi na huweza kuishi kwa saa 4. Chini ya kiwango hicho, sioni sababu ya kuendelea kupanda nyasi na kuzizika kila msimu. Kumbuka kwamba hesabu ya mwezi mmoja haitoshi: karibu na ikweta, ukuta wa kaskazini na wa kusini hupokezana jua na kivuli katika nusu mbili za mwaka, na mbali na ikweta kuna upande mmoja ambao karibu daima uko kivulini. Pale ambapo jua linakaribia kutosha, ongeza kimo cha kukata kwa sentimita 1 au 2, kwa sababu jani refu hukusanya mwanga zaidi.

Sababu ya nne ni joto, na huonekana kwenye kuta zinazopigwa na jua la alasiri, hasa zile zilizopakwa rangi nyeupe au zenye madirisha makubwa ya vioo. Kioo kinaweza kuakisi mwanga mkali kiasi cha kuziunguza nyasi, na alama yake haifanani na nyingine, kwa kuwa ni mstari au kiraka chenye kingo zilizonyooka ambacho hakifuati wala umbo la msingi wala njia ya maji. Hapo maji hayasaidii. Kinachosaidia ni kukikinga kioo kwa wavu au kwa mmea mrefu kidogo uliowekwa mbali na ukuta.

Sababu ya tano, wadudu, ina sehemu yake hapa chini.

Dalili: nyasi zimeota lakini zina rangi ya njano

Tazama ni majani yapi yaliyoanza. Yakianza majani ya chini, yale ya zamani, na njano ikasambaa sawasawa, nyasi zina njaa ya naitrojeni na mbolea ya kawaida inatosha. Yakianza majani machanga ya juu, na mistari ya kijani ikabaki katikati ya njano, kinachokosekana ni chuma, na ukutani upungufu huo una maana yake. Mara nyingi chuma kimo ardhini, ila chokaa na saruji zilizodondoka wakati wa ujenzi zimeupandisha udongo upande wa alkali, na mizizi haiwezi kukifyonza. Chukua gao la udongo mkavu, ulimwagie siki kidogo, kisha sikiliza na utazame: ukichemka na kutoa mapovu, kuna chokaa nyingi. Kipimo cha pH, yaani cha asidi na alkali ya udongo, kitathibitisha, na kikisoma zaidi ya 7.5 ukaona pia njano ya namna hiyo, huna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Dawa ya chuma ya kunyunyizia kwenye majani hurudisha kijani kwa muda, nayo inafaa itumike kwa uangalifu kwa sababu huacha madoa ya kutu ukutani na kwenye vigae ambayo hayatoki kirahisi. Tiba inayodumu ni kuutoa udongo wenye saruji. Wala usiongeze majivu au chokaa ya shambani karibu na ukuta kwa kudhani unarutubisha, maana utakuwa unazidisha tatizo lilelile.

Dalili: kiraka kimoja kimestawi kupita kiasi

Watu hulifurahia jambo hili, ilhali lingepaswa kuwatia wasiwasi. Kiraka chenye kijani kizito ukutani, hasa wakati wa kiangazi, kwa kawaida kinaonyesha maji yanayotoka mahali yasipotakiwa kutoka. Funga mabomba yote ya nyumba, soma mita ya maji, subiri saa moja au mbili bila mtu yeyote kutumia maji, kisha isome tena. Ikiwa imesogea, bomba la maji safi linavuja. Isiposogea, geukia bomba la maji machafu, chemba, na mpira wa kiyoyozi unaodondosha maji msingini. Mstari wa kijani ulionyooka kutoka ukutani hadi kwenye chemba au shimo la maji taka huonyesha moja kwa moja bomba lilipo na kwamba linatoa maji njiani. Usikimbilie kupunguza mbolea kabla ya kuyaondoa hayo yote.

Dalili: nyasi zinaisha ghafla, kuanzia ukutani kwenda nje

Sababu hii haifikiriwi mara nyingi, nami ningependa ijulikane zaidi. Nondo wa viwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda) huruka usiku, huvutwa na taa, na hutaga mayai kwenye majani na vilevile kwenye sehemu zenye rangi nyepesi kama kuta, nguzo na chini ya upenu. Ukuta mweupe wenye taa inayowaka usiku kucha, ukiwa umepakana na nyasi changa, unawapa mahitaji yao yote. Mayai hukaa kwa makundi yaliyofunikwa na manyoya ya rangi ya kijivu, na katika joto huanguliwa baada ya siku chache tu. Viwavi wachanga hula kidogo sana, lakini siku zao za mwisho kabla ya kuwa mabuu bwete (hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo) hula sehemu kubwa ya chakula chao chote, ndiyo maana mtu huona nyasi zilizokuwa nzima juzi zimebaki vijiti.

Ili kuthibitisha, changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 4 za maji, umwage juu ya mita moja ya mraba kwenye mpaka wa sehemu iliyoharibika na ile nzima. Viwavi wakiwapo watapanda juu ndani ya dakika kumi hivi. Alama ya Y iliyogeuzwa kichwani mwao huwatambulisha. Kagua kuta asubuhi, yafute makundi ya mayai kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na uzime taa za nje zisizo na kazi. Ukiamua kutumia dawa, ipige jioni wakati viwavi wanapotoka kula, na uchague ile iliyoidhinishwa kwa nyasi. Ukoka ulioliwa majani tu kwa kawaida huchipua tena ukipewa maji, usikimbilie kuung'oa.

Dalili: rangi ya ukuta inabanduka, kuna unga mweupe au doa la unyevu

Unga mweupe kwenye lipu ni chumvi iliyobebwa na maji yaliyopita ndani ya ukuta na kukauka juu ya uso wake. Kuufuta na kupaka rangi upya bila kuyazuia maji ni kupoteza rangi. Swali la kwanza ni maji yanatoka wapi. Kwa upande wa ndani, bandika kipande cha plastiki angavu juu ya doa, ukizibe kingo zote kwa utepe, ukiache kwa siku moja au mbili. Matone yakijikusanya upande unaotazama ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakijikusanya upande unaotazama chumba, ni mvuke wa chumba uliogeuka maji, na nyasi hazihusiki.

Ikiwa yanatoka ukutani, kimo cha doa husaidia kutofautisha. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia sakafuni na kwa kawaida huishia chini ya mita moja au juu yake kidogo, ukiwa na ukingo wa juu unaokwenda sambamba na sakafu. Madoa ya nje yenye matope, yanayofika sentimita 30 hadi 60 kutoka ardhini, ni ya maji yanayodunda: matone ya paa hupiga udongo mtupu na kuurusha ukutani. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba nyasi nzito hupunguza mdundo huo, hivyo ukuta unaochafuka kwa namna hii huwa ni ule ambao nyasi zake zimekufa. Mfereji wa paa ukiwekwa, au ukisafishwa kama upo na umeziba, sehemu kubwa ya tatizo huondoka. Doa linaloishia kwenye mstari uliokatika ghafla pembeni, mahali ambapo kinyunyizio kinaishia kufika, halihitaji maelezo zaidi.

Wiki za mwanzo baada ya kupanda ndizo zenye hatari zaidi kwa ukuta, kwa kuwa mapande mapya huhitaji maji kila siku hadi yashike mizizi. Katika kipindi hicho mwagilia asubuhi, ili uso wa ukuta upate kukauka kabla ya usiku, na ukague lipu ya ndani mara kwa mara. Nyumba yenye sakafu ya mbao huwa na matundu ya hewa chini ya ukuta. Yakizibwa na nyasi au udongo, mbao huoza kutoka chini bila mtu kujua. Yaache wazi daima.

Dalili: nyufa zinazofunguka na kufunga kwa misimu

Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ukimwagilia upande mmoja wa nyumba kwa wingi na kuuacha upande wa pili ukauke, msingi husukumwa bila ulinganifu. Kwenye udongo wa aina hii, unyevu usiobadilika sana ni bora kuliko mafuriko yanayofuatwa na ukame, na nyasi zinazohitaji maji mengi zikae mbali na msingi. Ufa unaozidi kupanuka ni kazi ya mhandisi.

Dalili: mistari ya udongo inapanda ukutani kutoka kwenye nyasi

Hao ni mchwa. Hujenga vijia vya udongo ili wasafiri gizani na katika unyevu kutoka ardhini hadi kwenye mbao za paa na milango, na nyasi ndefu zilizoegemea ukuta huvificha vijia hivyo hadi madhara yawe makubwa. Vunja kipande cha kijia na ukague baada ya siku kadhaa. Kikijengwa upya, njia hiyo inatumika. Kuvivunja peke yake hakuwamalizi, kwa hiyo tafuta mtu wa dawa, kisha uufungue ukanda wa ukutani ili uonekane.

Kuuacha ukanda bila nyasi

Ikiwa vipimo vimeonyesha kivuli kizito, kimo kisichorekebishika au mchwa, msimamo wangu ni kwamba nyasi zisifike ukutani. Acha ukanda wa sentimita 30 hadi 60; upenu ukizidi hapo, fuata mstari unaodondokewa na maji ya paa. Chimba kina cha sentimita 10 hadi 15 huku sehemu ya chini ikiteremka kwenda nje, kisha jaza kokoto safi zisizo na vumbi. Chini ya kokoto usitandaze plastiki isiyo na mteremko, kwa sababu itageuka beseni la maji miguuni pa ukuta. Kati ya kokoto na nyasi panga mstari wa matofali yaliyozama sawa na ardhi. Ukoka hutambaa juu na chini ya udongo, hivyo matofali yaingie sentimita 15 au zaidi, na hata hivyo kingo zikatwe mara kwa mara. Gurudumu la mashine ya kukatia likipita juu ya matofali hayo, hutahitaji tena kuleta mashine ya kamba karibu na ukuta, ambayo huchuna rangi na kuimega lipu sehemu ya chini kabisa, mahali ambapo maji hupata mwanya wa kuingia.